Kibao cha Namba na Senti za Mfalme

Juzi nilikuwa kwa fundi wa matairi pale Mbezi, nikingoja gurudumu langu lizibwe. Alichukua kipande cha tyubu kuukuu, akapasha msumari kwenye jiko la mkaa hadi ukawa mwekundu, akautumbukiza kwenye mpira. Moshi mwembamba ukapanda, mchungu, wa kukereketa koo. Nikasahau foleni na kelele za wapiga debe. Nilikuwa tena na miaka tisa, nimechuchumaa nyuma ya pikapu ya kijiji, nikiogopa kupepesa macho nisije nikakosa kitu.

Siku hizo upande wetu wa Mbezi ulikuwa mikorosho na minazi, na nyumba za kuhesabika. Tulikuwa kijiji cha ujamaa, chenye shamba la pamoja, duka la ushirika lililokuwa na chumvi siku nyingi na sukari siku chache, na gari moja: pikapu ya kijani iliyofika kwetu ikiwa imeshachoka. Dereva wake alikuwa baba yangu, Salehe, Mzaramo mrefu asiyependa kupiga honi kwa kuwa aliona ni kumkaripia mtu asiyemjua.

Mimi nilikuwa na daftari. Kila alasiri nilikaa kando ya Barabara ya Morogoro nikiandika magari yaliyopita: namba, rangi, na yalikoelekea. Hakuna aliyenituma. Mama alikuwa akisema, “Huyu ataolewa na polisi.” Ndiyo maana mtu wa kwanza kuiona hasara yetu nilikuwa mimi. Siku moja pikapu ya baba ilinipita, kalamu ikiwa tayari mkononi, nikashindwa kuiandika. Nyuma hapakuwa na namba.

Kishikio cha kibao, kile chuma kilichokuja na gari kutoka kiwandani, kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka kikakatika. Baba alirudi kwa miguu akiitazama barabara, hadi Kimara, na huko akakikuta kibao chetu kimefunika sinia la mama mmoja muuza vitumbua.

“Dada, hicho kibao changu.”

“Kina jina lako?”

“Kina namba ya gari langu.”

“Basi ngoja vitumbua viishe. Au maliza wewe vilivyobaki.”

Baba alirudi na kibao kinachonukia iliki, na vitumbua kumi na viwili.

Kishikio kingine hakikupatikana. Miaka ile kipuri ulikisikia tu kwa watu, kama habari za jini. Baba akakifunga kibao kwa waya. Waya ukakatika. Askari wa barabarani pale Ubungo alisamehe mara ya kwanza. Mara ya pili alikikuta kibao kimelazwa kwenye kiti cha mbele.

“Ndugu dereva,” alisema, “namba haipandi gari kama abiria. Nikiliona tena hivi, gari linalala hapa, mpaka kijiji kilete barua, na barua ijibiwe.”

Barua zilivyojibiwa miaka ile tulikuwa tunajua.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Mkunga wa zahanati alimpapasa tumbo mara tatu, akasema mtoto amekaa kikingamo, amelala kwa ubavu tumboni: uchungu ukianza, apelekwe hospitali kubwa ya mjini saa hiyo hiyo, asijaribu kuzalia nyumbani. Miaka miwili nyuma, kijiji kikiwa bado hakina gari, uchungu ulimshika kabla ya wakati. Wanaume walimbeba juu ya kitanda hadi barabarani, wakangoja gari lolote lipite. Mtoto yule hatukumpa jina. Sasa gari letu likilala Ubungo, mama angerudi kwenye kitanda kile. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijua kwa jinsi wakubwa walivyobadili mazungumzo nilipoingia.

Kamati ya gari ikakaa. Mmoja alitaka namba ipakwe kwa rangi mlangoni. Akaambiwa askari hatakubali. Mwingine alipendekeza gundi ya viatu. Ndugu Mwenyekiti alisema kibao kifungwe kwa mshikamano, wakapiga makofi, wala hakuna aliyeuliza mshikamano unapatikana duka gani. Mwishowe fundi bati akatoboa bodi ya gari, akakikaza kibao kwa boliti nne hadi zikalia.

“Hiki sasa,” alisema akijifuta jasho, “mpaka kiama.”

Kiama kilikuja Alhamisi. Njia ya shambani ilikuwa na mawimbi kama bati la paa. Bodi ya gari imejipinda kidogo, kibao kimenyooka. Kwa kuwa vilikuwa vimebanwa bila nafasi, kila mtikisiko ulivuta bati upande wake. Baba alirudi kibao kikining'inia kwa boliti moja, matundu mengine yamechanika.

Jioni ile ile akaja Nantembo. Alikuwa mchonga vinyago, Mmakonde kutoka Kusini, mwenye chale usoni zilizonitisha na kunivuta kwa pamoja. Yeye na baba hawakuwa watani wa asili, ila walikuwa wamejipachika utani, na hakuna aliyewaondolea.

“Mzaramo,” alisema akikitazama kibao, “gari la watu umelivalisha hereni?”

“We mla panya, siku ya kamati ulikuwa wapi?”

“Hamkuniita. Mlimwita mtu wa bati aje afunge bati. Kesho usiende popote.”

Asubuhi hakufungua hata boliti. Alimwambia baba awashe injini, akaweka kiganja chake kwenye bodi, pale kibao kinapokaa, akafumba macho. Nikaweka changu pembeni ya chake. Chuma kilikuwa kikitetemeka mpaka kwenye meno yangu.

“Unasikia?” aliniuliza. “Hiki hakitanyamaza. Tukifunge kikiwa kinaongea.”

Nilidhani ataleta mpingo, maana ndio uliojaa kwake. Akaleta ubao wa mninga. “Mpingo una kiburi,” alisema. “Ukiubana na chuma, unapasuka. Mninga unajua kuvumilia.” Kisha akanituma nyumbani nikalete sufuria yenye masizi mengi kuliko zote. Nikambebea ya mama ya maharage. Akakwangua masizi, akayachanganya na mafuta ya nazi, akapaka bodi ya gari. Akaukandamiza ubao pale, akautoa. Ubao ulikuwa na madoa mawili meusi tu, kwenye ncha. Akayachonga madoa hayo kwa tezo, taratibu, kama mtu anayemnyoa mtoto. Akapaka tena, akakandamiza tena. Madoa manne. Akachonga. Madoa tisa. Niliyahesabu na kuyaandika kwenye daftari langu, lakini kadiri jua lilivyopanda yaliungana yakanishinda. Karibu na adhuhuri alikandamiza ubao mara moja, akautoa, na upande wote ulikuwa mweusi tii, kutoka ncha hadi ncha. Ubao ulikuwa umejifunza mgongo wa gari. Sikuwahi kuona mtu akikiuliza kitu kigumu hivyo, akingoja kijibu, na kikajibu.

Katikati ya kazi aliuliza mara kwa mara, bila kuinua kichwa, “Mama yako kala?” Nikajibu kala. Baada ya muda, “Kaamkaje?” Nikaona ana usahaulifu.

Halafu akafanya jambo lililonishangaza zaidi. Kwenye upande ule ule mweusi, utakaogusana na gari, akachonga kwa patasi mifereji mitatu myembamba, iliyonyooka kuliko mistari ya daftari langu. Akaisugua kwa msasa hadi ikateleza.

“Fundi, si itafichika? Nani ataiona huku nyuma?”

“Maji,” alisema, akaendelea.

Matundu ya boliti aliyatoboa kwa keekee, mapana kidogo kuliko boliti zenyewe. Ndipo ikaja ile harufu: alikata viduara vya tyubu, akavitoboa kwa msumari wa moto, kimoja kikae kati ya chuma na mti, kingine kati ya mti na kibao. Ili kila kimoja kitetemeke kivyake, alisema, bila kumvuta mwenzake. Ikabaki washa, kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya nati, ya kufunika pale bati lilipochanika, nayo hatukuwa nayo. Nantembo akafungua fundo la leso, akatoa sarafu nne za senti kumi za zamani, zile nyekundu za mkoloni zenye tundu katikati na jina la mfalme limeuzunguka ukingo. Akazipanua matundu kwa tupa.

Baba alicheka. “Mfalme mzima, Nantembo?”

“Amekaa bure miaka mingi. Leo naye afanye kazi ya kijiji.”

Akaweka nati, kisha juu ya kila nati akaongeza nyingine ya kuizuia isirudi nyuma. Hakukaza mpaka zikalia. Alikaza, akasikiliza, akaacha.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo, asubuhi, mvua ya masika ikinyesha, uchungu ukamshika mama. Walimweka mbele na baba. Mimi na mama mkubwa tulipanda nyuma chini ya turubai, na beseni na kanga. Njia ya shambani ilitutupa kama karanga kwenye kikaango. Kila tulipoangukia shimo nilisikiliza bati lianguke. Kupitia kioo nilikiona kichwa cha mama kikiegemea upande, halafu sikukiona.

Ubungo, askari yule yule akanyoosha mkono. Alituzunguka, maji yakimtiririka kofiani. Akakishika kibao kwa mikono miwili, akakitikisa. Pikapu nzima ikayumba, na sisi ndani yake. Kibao kikakaa. Akainama akazitazama zile senti.

“Nani kafunga hii?”

Mama mkubwa akatoa kichwa kwenye turubai. “Utamuuliza siku nyingine, mwanangu. Huyu mtoto hangoji!”

Askari alichungulia mbele, akamwona mama. Akakimbia, nasema alikimbia, akalisimamisha lori lililokuwa mbele yetu, akatupisha. Mdogo wangu Zuhura alizaliwa kwa kupasuliwa kabla ya adhuhuri.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, mama aliponisimulia habari za kile kitanda cha kwanza. Wabebaji walipokezana, alisema, isipokuwa mmoja, aliyeshika upande wa miguu njia nzima na kukataa kupokewa. “Yeye ndiye aliyeona kila kitu,” mama alisema. Alikuwa Nantembo. Nikayakumbuka yale maswali yake niliyoyaita usahaulifu, nikaona aibu ya mtoto aliyeandika kila kitu kwenye daftari isipokuwa hilo.

Wakati huo Nantembo alikuwa ameshafariki, kijiji kimekatwa viwanja, na pikapu imebaki mifupa nyuma ya iliyokuwa ofisi, kuku wakitagia ndani. Tuliposikia wanunuzi wa vyuma chakavu wanakuja kuichukua, mimi na Zuhura tulikwenda na spana. Nati zilitugomea kwanza, kisha zikakubali. Bampa lilikuwa likimeguka kwa vidole. Bodi ilikuwa kutu tupu, imetoboka hapa na pale. Tulipoubandua ubao, chini yake palikuwa na rangi ya kijani, mbichi kama jani la mgomba, kwa kipimo kile kile cha ubao, pamoja na mistari mitatu ya kutu pale maji yalipopewa njia yao, yakapita.

Zuhura aliugeuza ubao, akapitisha kidole kwenye mti, kando ya mfereji wa katikati, kutoka juu hadi chini. Akanionyesha. Kidole kilikuwa cheusi, kwa masizi ya sufuria ya mama.