Kinyonga na Maji ya Kinywani mwa Shosho

Juzi kijana wangu wa mwisho aliniletea nyumbani Donholm sanduku la kioo la kufugia kinyonga, lenye kidude cha kuonyesha kama hewa ya ndani ni kavu au ina unyevu. Akaanza kunisomesha. Nilimwacha amalize, rafiki yangu, kisha nikacheka mpaka nikakaa chini. Shule niliiachia darasa la tano, na hii nyumba nimeijenga kwa kuuza mbao bila kushikwa mkono na mtu. Lakini mambo ya unyevu niliyajua kabla ya mbao, na walionifunza sijaona wa kufanana nao.

Tulikaa Shauri Moyo, chumba kimoja, mimi na shosho, mama yake mama. Kazi yake ilikuwa kuwapigia watu pasi. Makarani, madereva, wazee wa kanisa, wote shati zao zilipitia kwetu. Niliamkia harufu ya makaa na kaki iliyopata moto, na shosho akipuliza maji. Chupa ya kunyunyizia hakuwa nayo. Alijaza maji kinywani, akabana midomo, fffu. Hayakutoka matone, yalitoka ukungu, ukatua kwenye shati sawasawa, kola mpaka pindo, bila doa. Majirani walijaribu, wakaishia kutema.

Kinyonga nilimtoa kwenye ua wa miti ulioshuka kuelekea mtoni. Shosho alimwogopa kupita kiasi. Kwao husemwa ndiye aliyetumwa kwa watu na habari ya uzima, akachelewa njiani akipima kila hatua, ndiyo maana tunakufa. Hata hivyo alinikubalia, kwa sharti.

"Siku atakapokataa kula, unamrudisha ulikomtoa. Sitaki kitu kifie nyumbani kwangu."

Na mwaka ule mvua ilikataa. Ua ulibaki miiba mitupu na kunguru juu yake. Kumrudisha kulikuwa ni kumzika.

Nilimweka ndani ya kasha la majani ya chai, upande mmoja nimepigilia wavu wa dirisha. Januari ikatukausha sote. Kinyonga akaanza kubambuka ngozi, ngozi ikakwama, ikamkaza shingo na kumfunika jicho moja kama bendeji. Kinyonga wa jicho moja hawezi kulenga inzi. Akaacha kula. Shosho akawa kila mara analiangalia lile kasha.

Nikatumia akili ya mtoto: nikamwaga bakuli zima la maji ndani, nikafunika kwa nailoni. Kesho yake kasha linanuka, majani niliyomtandikia yameota kuvu, naye yuko mdomo wazi anatafuta hewa.

Nikamkimbilia jirani yetu mchongaji, mtu wa Ukambani, aliyechonga twiga na vifaru kibandani kwake, njia ya kwenda Gikomba. Alikuwa mtu wa kelele na mzaha, unamsikia kabla hujamwona. Alichungulia kasha, akaniuliza kama namchemsha niuze supu. Kisha akaing'oa ile nailoni, akanivuta mpaka kwenye rundo la magunia. Humo, katikati ya maranda, alikuwa amewazika twiga wake wabichi. Mti mbichi ukiuanika unapasuka, aliniambia, na ukiufungia majini unaoza. Kwa hiyo gunia hulowekwa, likakamuliwa mpaka libaki na jasho tu, na upepo ukaachiwa njia.

"Mti una ngozi, na huyu ana ngozi," akasema. "Usimwoshe. Mpe hewa yenye jasho, kijana."

Akanipa maranda na kipande cha gunia. Kuvu ikakoma, kinyonga akafunga mdomo. Lakini jicho halikufunguka. Shosho akaniambia nivae viatu twende tukamrudishe.

Nilisimama mlangoni na kasha kifuani, nikamwona ameshika kikombe chake cha maji ya pasi.

"Shosho, mpulizie kama shati. Mara moja tu."

"Nimtemee kinyonga?"

"Si kutema. Ile ya kola."

Alinitazama mimi, akalitazama kasha. Akajaza kinywa, akasogea mpaka uso wake ukakaribia mkono wangu, akafumba macho kabisa, akapuliza. Ukungu ukatua kwenye majani. Kinyonga akatoa ulimi, akalamba.

Tangu hapo, kati ya shati na shati, alimpulizia na yeye, kila mara macho yamefumbwa na sala ikifuata. Ngozi ikalainika. Asubuhi moja kinyonga akajisugua kwenye kijiti, bendeji ikateleza, jicho likatokeza linazunguka, na inzi wa kwanza akanaswa na ulimi.

"Sasa amenyooka," shosho akasema, akarudi kwenye pasi yake.

Mvua ilipofika tulimrudisha mtoni, na kasha alilibeba shosho mwenyewe.

Leo ule ua ni ukuta wa mawe. Kibanda cha mchongaji kimemezwa na marobota ya mitumba, na mwenyewe alirudi kwao zamani. Shosho tulishamzika. Mimi nimenunua mashine za kila namna, nimeajiri watu wazima wenye nguvu, na bado sijaona tena mtu anayeogopa kitu kiasi kile, akakipa maji ya kinywani mwake.