Shimo la Bi Mwanawetu

Daktari wa watoto alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, sisi wa Katwe tulibaki na Bi Mwanawetu, mganga wa mtaani. Mtoto akichelewa kusimama, bibi huyo alimchimbia shimo uani kwake, akamtia hadi kiunoni na kumzungushia mchanga, ili miguu izoee uzito. Sabah wangu alikuwa na miaka mitatu, hajawahi kusimama.

Siku askari walipokuja kwake kusaka silaha, Sabah alikuwa shimoni, na mimi nilizuiwa langoni kwa mtutu wa bunduki.

“Shimo la nini hili?”

“La kumsimamishia mtoto, mwanangu,” Bi Mwanawetu alimjibu askari.

Wapumbavu wale wakaufukua mchanga wote kwa singe za bunduki zao, mtoto akiwa humo humo. Hawakupata kitu. Hata hivyo wakampakia Bi Mwanawetu kwenye gari, na hakurudi tena.

Gari lilipoondoka, nilikimbilia shimoni. Sabah alikuwa amesimama mwenyewe, bila mchanga, akimwita Bi Mwanawetu aje amtazame.