Ndanu Aligeukia Kushoto

Mama Job hakuwa mganga, na mtu yeyote wa mtaa wetu wa Kware akikuambia alikuwa mganga, mwambie nimesema ni mwongo. Alikuwa muuza mandazi. Jina lake Khalayi, mama wa Kibukusu, mrefu, mlango wake ukitazamana na wangu katika ploti yetu ya mabati. Lakini miaka hiyo ya tisini, kabla ghorofa hazijatuzibia jua, hakuna mwanamke aliyeshika mimba pale asipelekwe kwake.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo tu. Mja mzito anaambiwa atembee kuelekea bombani. Mama Job anamwita kwa nyuma, ghafla. Akigeukia kulia, mvulana. Kushoto, msichana. Basi. Halipwi, anacheka, anarudi kwa karai lake la mafuta. Mimi nilimwambia, "Mama Job, hata ukirusha sarafu utapatia nusu." Naye akanijibu, "Mama Muturi, na wewe wako si nilisema kijana?" Kweli alisema. Aliowapatia walimsifu mpaka mtaa wa pili, Pipeline. Aliowakosea walinyamaza, maana nani anataka kuchekwa mtaani?

Aliyemwamini kuliko wote alikuwa Mutunga, jirani yetu, mchonga vinyago. Mkewe, Ndanu, alikuwa na wasichana watatu, na kila mara Mama Job alikuwa ametabiri msichana. Mimba ya nne ilipoonekana, Mutunga alitangaza mbele yetu sote bila haya: akija msichana mwingine, Ndanu atapanda basi la Kitui na wasichana wake, na asirudi. Ati mwanamume mzima! Nilitamani kummwagia maji ya vyombo. Ndanu akawa anakonda huku tumbo likikua.

Siku ya kuitwa ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa. Mutunga alikaa ndani, hakutaka tumwone ana hamu. Mlangoni pake tulikuwa mimi na Mama Job, Ndanu akielekea bombani. "Ndanu!" Mama Job akaita. Ndanu akageuka. Kushoto, wazi kabisa, na mwenyewe akajua. Akasimama palepale, mikono tumboni, akimtazama Mama Job kwa macho ya kuomba.

"Amegeukia wapi?" Mutunga akauliza kutoka ndani.

"Kulia," akasema Mama Job.

Nikamgeukia. Akanitolea jicho la kufunga mdomo, nami nikafunga.

Woi, miezi iliyofuata! Mutunga alibadilika mpaka tukamcheka. Alichota maji mwenyewe. Alimletea mkewe maziwa na machungwa. Akachonga kigoda kidogo cha miguu mitatu cha huyo mwanawe, akakitia nakshi ya waya wa shaba kama vigoda vya wazee wa kwao. Ndanu akanenepa, akaanza hata kuimba akifua. "Akishamzoea mkewe hivi," Mama Job aliniambia, "hata akija msichana atampokea." Nikaona ana akili. Tulijiona wajanja kweli.

Ndanu alijifungua msichana. Wodi ilikuwa imefurika, akina mama wawili kitanda kimoja, na mwenzake wa kitandani alikuwa amezaa mvulana, akaruhusiwa asubuhi ile. Mutunga alipofika na kuonyeshwa mtoto hakugomba. Aliuliza tu, "Yule aliyelala hapa ameenda wapi?"

Aliporudi mtaani alikwenda moja kwa moja kwa Mama Job. "Mtoto wangu amebadilishwa," akasema.

"Hajabadilishwa, baba. Ni wako."

"Ulisema mvulana. Na nyumbani kwangu hujawahi kukosea."

"Sikukosea. Nilikudanganya! Aligeukia kushoto. Muulize Mama Muturi."

"Kushoto," nikasema. "Kwa macho yangu haya."

Mutunga alituangalia kwa huruma. Haki ya Mungu, kwa huruma. "Najua mnataka kunituliza tu," akasema. "Asanteni."

Mama Job akaapa kwa Biblia. Wapi! Hospitalini walimweleza mpaka wakachoka. Na mtoto mwenyewe, Kavinya, alikuwa Mutunga mtupu: paji lile, masikio yale, hata kukunja uso kule. Ploti nzima iliona, isipokuwa yeye. Kila Jumapili akawa anazunguka Donholm na Pipeline, akichungulia nyuso za wavulana wa umri ule. Ndanu hakufukuzwa, maana Mutunga alisema kuibiwa si kosa lake. Lakini jioni moja, akimfunga mtoto mgongoni, Ndanu aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Muturi, na kama ni kweli?" Nilimkaripia vibaya. Kisha nikaingia kwangu nikalia.

Mama Job hakumwita tena mja mzito yeyote kwa nyuma. Wakija aliwapa mandazi, akawaambia waende zao.

Kavinya alipokuwa msichana wa kukimbiakimbia, Jumapili moja Mama Job aliwapelekea kina Ndanu mandazi, nami nikamfuata. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, kwa hiyo akavuta kile kigoda akae. Kavinya akaja mbio, akakishika kwa mikono yote miwili.

"Hapana, Susu!" akasema. Ndivyo Wakamba wanavyomwita nyanya. "Hiki ni cha kaka. Baba ameenda kumleta."

Akakipangusa vumbi kwa gauni lake, akakirudisha ukutani. Mama Job akakaa chini sakafuni.