Bega la Profesa

Shemeji yangu, mume wa dada, tulimwita Profesa, na jina hilo alilipenda kuliko mshahara. Alifundisha watu kuzamia kwa mitungi ya hewa, nami niliijaza mitungi hiyo nyuma ya ofisi. Kila Jumatatu nilimsikia akiwakoromea wanafunzi wapya: "Ukipanda juu haraka, gesi inafanya mapovu kwenye damu. Bega likiuma, ngozi ikiwasha, vidole vikifa ganzi, sema palepale! Usione haya. Upewe oksijeni, upelekwe hospitali." Aliyasema hayo miaka kumi na tisa, kifua mbele, utadhani mapovu yenyewe yanamwogopa.

Siku hiyo alizamia mara tatu. Mara ya tatu mteja mmoja alitaharuki akafyatuka kwenda juu kama kizibo, Profesa akamfuata moja kwa moja bila kutua njiani. Saa tisa mchana alikuwa ofisini anajikuna tumbo, na mkono wa kushoto umeshindwa kufunga zipu ya begi.

"Shem, si ndiyo dalili zako hizo?" nikamuuliza.

"Dalili za nani? Nimebeba mitungi siku nzima. Bega la mwanaume kuuma nako ni habari?"

"Oksijeni ile pale."

"Ya wateja hiyo."

Nikacheka, nikaendelea na kazi yangu. Mtu mzima, mwalimu wa kuzamia, nani wa kumbembeleza? Nyumbani alimwambia dada kwamba amelalia mkono vibaya. Ameulalia saa ngapi, mtu aliyeshinda majini? Dada naye akaumeza uongo huo, akamkanda bega kwa dawa ya kuchua mpaka sebule nzima ikanuka.

Kesho yake asubuhi alikuja kazini akiyumba, kisha akafanya kituko ambacho hata wanafunzi wa Jumatatu wasingethubutu: akaanza kuvaa mtungi.

"Nikishuka tena mita kumi, maumivu yanaisha. Wazamiaji wa zamani ndivyo tulivyojitibu."

Wazamiaji wa zamani! Nusu yao wanatembelea magongo, nusu hawapo tena wa kuulizwa. Nilifungua valvu ya mtungi wake, hewa ikapiga kelele mpaka ikaisha yote. Alinitukana hadi majirani wakachungulia. Alipotaka kunifuata, mguu wa kushoto ukagoma. Akakaa sakafuni, akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu jana jioni mkojo haujatoka. Ubishi ukamwisha hapo hapo.

Nilimvalisha barakoa ya oksijeni, nikamlaza chali, nikapiga simu hospitali yenye chumba cha kutibia wazamiaji kwa hewa ya shinikizo. Tulipofika, dada naye akiwa ameshatukuta huko, daktari aliuliza dalili zilianza lini.

"Asubuhi hii," Profesa akajibu ndani ya barakoa. Mguu haupo, uongo upo.

"Jana saa tisa mchana," nikasema. "Alikuwa anajikuna mbele yangu, vidole havishiki kitu."

Wakamfungia chumbani humo kwa muda wa saa tano na zaidi. Daktari alipotoka alituambia mkono utarudi, ila kuhusu mguu hawezi kuahidi. Angeletwa jana ileile, angeahidi.

Nilimgeukia dada nikitegemea ataanza kumlaani mumewe, nami nimsaidie. Alikuwa ananitazama mimi.

"Jana saa tisa," akasema. "Na namba yangu unayo."