Mitaa Miwili na Mlima wa Mchanga

Sisi watu wa Shela tuna mchanga, na watu wa Amu, mji wa Lamu, wana maneno. Katika miaka ya hamsini vitu hivyo viwili vilikutana nyuma ya shamba la mama yangu, na mpaka leo sijui ni kipi kilichotuumiza zaidi.

Shamba lenyewe lilikuwa dogo, chini ya milima ya mchanga, nalo lilikuwa na kisima cha maji matamu. Kwa maji hayo mama alimwagilia asumini na rehani, na jioni tulikaa mkekani tukitunga vikuba, vishada vya maua vya kujipamba, vya maharusi, na vya wake za watu waliotaka waume zao walale nyumbani. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mimi nilikuwa nimerudi kwetu na sanduku langu, baada ya mume niliyepewa kugundua kwamba nina ulimi. Kisima kikifa, sote wawili hatuna cha kula.

Mchanga ulizuiliwa na magugu: mlakasa unaotambaa na maua yake ya zambarau, ukoka, na vichaka vya mikoma. Lakini wachoma chokaa walikata vichaka kwa kuni, mbuzi wakamaliza yaliyobaki, na upande mmoja wa mlima ukabaki mtupu, ukaanza kutembea. Khatibu akalisema jambo hilo msikitini siku ya Ijumaa: kurudisha majani pale alipoyaweka Mungu ni sadaka, na anayetaka thawabu ajitolee. Mama aliposikia alifurahi mpaka akalia.

Walikuja wengi, wa Mkomani na wa Langoni. Asiyeijua Amu lazima aambiwe: mitaa hiyo miwili hushindana kwa ngoma, kwa mashairi, kwa maulidi, na lau ingewezekana kushindana kwa kupiga chafya wangetafuta mwamuzi. Walifika na kanzu zilizopigwa pasi. Kabla jembe halijagusa mchanga walivuta kamba katikati ya mlima, huku kwenu, huku kwetu. Kisha wakaketi kunywa kahawa yetu na kula mahamri yetu, maana kuvuta kamba kumewachosha.

Tajiri mmoja akaahidi ng'ombe kwa mtaa ambao upande wake utakuwa kijani zaidi, na ikasemwa kwamba Bwana DC atapita na motaboti yake ajionee. Hapo thawabu zikasahauliwa. Kila mtu alitaka kupanda pale panapoonekana kutoka mkondo wa bahari unaopitwa na vyombo. Walipanda, wakaimba, wakatukanana kwa mashairi yenye vina vizuri sana, wakanywesha miche yao. Maji yalitoka wapi? Kisimani kwetu. Mama alisimama akiwapokeza ndoo huku asumini yake ikinyauka, na kila nilipofungua mdomo alinikanyaga mguu.

Halafu asubuhi moja upande wa Mkomani ulionekana umevaa kijani kutoka chini mpaka juu. Mlakasa hauoti hivyo, hata kwa dua. Langoni wakapeleleza, wakagundua kwamba wenzao walivuka hadi tuta la kusini, linalotazama bahari, ambako majani yalikuwa bado yamesongamana, wakayang'oa kwa magunia na kuja kuyachomeka kwao. Langoni walikasirika sana. Walikasirika kwa kuwa hawakuwa wa kwanza kulifikiria jambo hilo. Kesho yake nao walikwenda, wakiwa na magunia na punda.

Tuta hilo la kusini ndilo lililokuwa likituzuilia mchanga. Mama alijitupia buibui akawafuata, nami nyuma yake.

"Wanangu," aliwaambia kwa lugha ya kwetu, ambayo mchanga ni mtanga, maji ni mai na kuacha ni kuwata, "mwang'oa huko muje mupande huku? Na mtanga ule mwamwatia nani?"

"Bi, tuwatie kazi yetu," mmoja wao alimjibu, kijana aliyekuwa na maua ya mlakasa sikioni. "Hii ni kazi ya waume. Wewe tupikie kahawa."

"Kahawa yapikwa na mai," nikasema. "Mai yako kisimani, na kisima kiko chini ya mtanga huo."

Walicheka. Mmoja akauliza kama mimi ndiye yule aliyeachwa.

Bwana DC hakupita. Ng'ombe alichinjwa hata hivyo, mwamuzi waliyemchagua akashindwa kuamua, na kila mtaa ukarudi mjini ukiimba kwamba umeshinda. Kisha kusi ikaanza kuvuma. Majani yale yaliyochomekwa yalikauka pande zote mbili za kamba kwa usawa kamili. Kwenye tuta la kusini hapakuwa na cha kuushika mchanga. Uliruka uzio wetu, ukafunika rehani, ukafunika asumini, ukaingia kisimani. Tuliuchota kwa ndoo, tukauchota kwa sufuria na kwa sahani za harusi ya mama. Kila kulipopambazuka tulikuta umerudi. Nililia kwa hasira. Mama hakulia, na hilo liliniogopesha zaidi.

Habari zikafika mjini, na wale wanaume, tuseme haki, walikuja na majembe. Mkomani walifika, na Langoni walifika. Likazuka swali la nani atatia jembe la kwanza, kwa kuwa huyo ndiye atakayeimbwa kwamba aliokoa kisima cha mjane. Walilijadili swali hilo kwa adabu, kisha bila adabu, mpaka ikaadhiniwa alasiri. Wakaenda kusali. Hawakurudi.

Tulihamia mjini, katika chumba cha uani kwa jamaa yetu mmoja, mpakani mwa mitaa hiyo miwili, katika nyumba isiyokuwa na kisima. Asubuhi ya kwanza mama alichukua ndoo akabisha hodi kwa jirani. Mwanamke mmoja akatufungulia, akatutazama, akashika kamba ya kisima chake, kisha akasita.

"Bi, ninyi wa mtaa gani? Mkomani au Langoni?"

Maisha yake yote mama alikuwa akijibu, bila kufikiri, kwamba sisi ni wa Shela. Safari hii aliangalia kichochoro kushoto na kulia ajue nyumba ile iko upande gani wa mpaka, kisha akautaja mtaa wa yule mwanamke. Tukatekewa maji.