Simba Aliyefika Bila Masikio

Kwa miaka kumi na mitano Kalekye aliendesha teleksi, mashine ya kutuma maandishi kwa waya, katika ofisi ya Ramila Badges, ghorofa ya pili, katikati ya jiji la Nairobi. Mwaka 1996 teleksi ilibebwa hadi stoo ikafunikwa kitambaa cha meza. Mahali pake ikawekwa kompyuta iliyoitwa seva, ambayo ilipiga simu mara tatu kwa siku kupeleka na kuchukua barua pepe. Kalekye aliachiwa kiti kilekile. Hakuna aliyemuuliza kama anaipenda mashine mpya, na yeye mwenyewe hakujiuliza.

Kampuni ilitengeneza beji za sare za shule. Picha za beji hizo zilitumwa India, kwa wafumaji wa Coimbatore, zikiwa zimeambatishwa na barua pepe. Novemba hiyo zilianza kufika zimeharibika. Simba wa shule moja ya Lavington alifika bila masikio, na kuanzia shingoni kwenda chini palikuwa na mistari ya kijivu tu.

Navnit, mwenye kampuni, alisimama mlangoni na faksi ya malalamiko mkononi.

"Kalekye, hii simba imekatwa na nani?"

"Si mimi, bosi. Mimi humpandisha gari tu."

Navnit hakucheka. "Januari shule zinafungua. Picha isipofika mzima kabla ya Ijumaa, hii imeli yote napeleka kwa watu wa nje. Na wewe..."

Hakumalizia. Kazi nyingine ya kumpa Kalekye haikuwepo, na wote wawili walijua.

Gurdeep Singh, fundi aliyeiweka seva, alikuja kwa miguu kutoka Ngara, kilemba kimelowa. Alichomoa waya wa modemu iliyounganisha seva na simu, akaurudisha, akatoa hukumu.

"Ni laini ya simu, mama. Mvua imeingia kwa nyaya."

"Na barua fupi zinapitaje kwenye maji hayohayo?"

"Bahati."

"Bahati ya wiki tatu, Singh? Nigawie mimi pia."

Kalekye akajaribu mwenyewe. Beji ndogo yenye ua moja ilifika salama. Aliituma tena, ikafika salama. Simba alimtuma mara mbili, na mara zote mbili akaharibika palepale, juu ya macho. Jambo hilo lilimkaa kichwani jioni akirudi nyumbani mtaa wa Satellite, na asubuhi akiwasha jiko. Mvua hulowesha popote. Haikati masikio yaleyale mara mbili.

Alijua kwamba picha haisafiri ikiwa picha. Programu huigeuza kuwa mistari mingi ya herufi zisizo na maana, na huko iendako hugeuzwa kuwa picha tena. Basi akawaomba wafumaji wamrudishie ile mistari kama walivyoipokea. Akachapa iliyotoka, akachapa iliyofika, akaweka karatasi hizo sambamba mezani na kulaza rula juu ya mstari wa kwanza. Ndivyo walivyofundishwa wasichana wa teleksi: usiamini mashine, linganisha.

"Hiyo haisomwi na binadamu, mama," Gurdeep alisema.

"Basi kunywa chai, uniache."

Rula ilishuka taratibu. Mstari wa sitini ulilingana. Uliofuata, kwenye karatasi iliyofika, ulisomeka wazi kabisa: RAMILA BADGES, NAIROBI, PAGE 2.

Gurdeep aliweka kikombe chini. "Hiyo ni mimi," akasema polepole. "Mwezi uliopita bosi aliniambia, kila mistari sitini inayotoka, seva iweke jina."

Kalekye hakuhitaji kuuliza sababu. Marehemu baba yake Navnit, mwanzilishi wa kampuni, hakuruhusu karatasi hata moja itoke ofisini bila jina la kampuni kichwani. Mara ngapi alimrudishia Kalekye barua kwa kosa hilo! Na Ramila lilikuwa jina la mkewe, mama yake Navnit. Barua fupi hazikufika mstari wa sitini. Picha ndefu zilipasuliwa katikati na jina hilo.

Alichukua karatasi na rula, akaingia kwa Navnit. Alimwonyesha bila maneno mengi. Navnit akaichukua rula, akashuka nayo mwenyewe hadi PAGE 3, hadi PAGE 4.

"Mzee angesema nini?" akauliza hatimaye.

"Angesema jina likae mahali watu wanasoma, bosi. Tuliandike juu ya barua yenyewe, mara moja. Humu ndani ya picha hakuna anayeliona."

Navnit alitazama mlangoni, alikosimama Gurdeep. "Toa," akasema.

Alhamisi alasiri jibu likaja kutoka Coimbatore: simba amefika, ufumaji unaanza. Navnit alilisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Kalekye.

"Sasa iko na masikio."

"Yote mawili, bosi."

Alianza kuondoka, kisha akageuka. "Jumatatu kuna beji ya tausi. Utaangalia mkia."

"Nitaangalia," Kalekye akasema, akaiweka rula juu ya seva.