Taa Ilishuka Mara Mbili

Nianze na kioo, maana kioo ndicho kilikuwa kazi yangu.

Marehemu mume wangu alikuwa na pikapu. Alikuwa anabeba ndizi, nanasi na machungwa ya watu kutoka huku kwetu Kinole kushusha Morogoro mjini. Siku za soko nilikaa naye mbele, kwa sababu mzigo wangu nauza mwenyewe, simwachii mtu. Gari lile halikuwa na feni wala nini. Alfajiri ukungu uko nje, na ndani tumebanana watatu, nguo mbichi, kila mtu na pumzi yake, basi kioo kinatoka jasho mpaka huoni boneti. Yeye mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine kwenye gia. Kufuta ni mimi. Nafuta kwa ncha ya kanga, mbele yake kwanza, halafu mbele yangu. Nikisinzia ananigusa na kiwiko.

"Mama watoto, barabara imepotea."

Nashtuka, nafuta, barabara inarudi.

Kabla hatujaondoka alikuwa anakata kiazi mviringo katikati na kupaka kioo kwa ndani, ule upande wenye maji maji. Alisema kinazuia jasho. Kilizuia kidogo, mpaka kwenye kona za mwanzo. Baada ya hapo ni kanga yangu. Kanga zangu zote za miaka ile zilikuwa na ncha moja nyeusi, na sikuona aibu. Kila mtu aliyeniona sokoni alijua huyu mama ana kazi yake kwenye gari la mumewe.

Jambo la pili ni taa. Nyumba yetu imeegemea mlima, inatazamana na bonde. Barabara inapita ng'ambo, kwenye kona yenye jiwe kubwa jeupe, ndiyo inazunguka bonde lote mpaka kutufikia. Kutoka kona ile hadi mlangoni ni muda wa maji kuchemka na ugali kuiva, si zaidi. Sasa mume wangu akirudi jioni, akifika kwenye kona, taa zake kubwa zinapiga moja kwa moja barazani kwetu. Hapo anazishusha na kuzipandisha kwa mkono. Akishusha mara moja, maana yake niko peke yangu, bandika maji ya ugali. Akishusha mara mbili, maana yake nina mtu, ongeza maji na uangalie kuku. Watoto walikuwa wanagombania kuiona. "Baba kashusha! Baba kashusha!" Nami nilikuwa nimeshaona zamani, niko jikoni tayari, ila nawaacha wapige kelele.

Hatukuwahi kukaa chini tukasema taa ifanywe hivi. Ilianza tu. Madereva wengine wa huku nao wakafanya kwa wake zao, na wanawake wa mlimani tukawa tunajua magari ya watu kwa kushuka kwa taa zake.

Kitindamimba wangu, wa kiume, alijifunzia kuendesha kwenye pikapu ile. Baba yake alimweka mapajani akiwa hajafikia pedeli. Alipokuwa kijana akawa anashika usukani yeye, baba yake anakaa pembeni, na mimi bado nafuta kioo. Akifika kwenye jiwe jeupe alishusha taa kama baba yake hasa, taratibu, hana papara. Hata mimi nikiwa nyumbani nilishindwa kujua ni nani kati yao.

Baba yao akafa. Tulipomaliza arobaini, wazee wa ukoo wake wakakaa. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mashamba yangu ni ya ukoo wangu, na wanangu watayalima. Lakini kitu cha mwanaume kinarudi kwao, kwa watoto wa dada yake. Pikapu ikapewa mpwa wake. Kitindamimba alikuwa amekaa pale kwenye mkeka. Alinitazama mimi, kama anayengoja niseme. Nikasema kilicho kweli: "Gari ni la ukoo wa baba yako. Wewe shamba unalo." Mila ndivyo ilivyo, na leo wakiniuliza nitasema vilevile. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya mkeka. Asubuhi yake akateremka mjini. Sasa anaendesha lori la watu barabara ya Dodoma. Mpwa naye hakukaa na ile pikapu, aliiuza ikakatwa vyuma.

Hatujagombana. Ananipigia simu, ananijulia hali, na wakati mwingine ananitumia vitu. Taa ile ya jua iliyoko barazani ni yeye aliyeituma kwa bodaboda, nisije nikaanguka kwenye ngazi. Taa kali kweli, ukiiwasha wadudu wa bonde zima wanahamia kwangu. Lakini yeye mwenyewe hapandi. Kila nikimuuliza, lori ni kubwa haliwezi kona za kwetu, mara tajiri hampi nafasi, mara barabara imeharibika. Huyo ni mwanangu nimemzaa mimi, najua anaposema kweli na anapokwepa. Anapita Gairo, anapita Morogoro mjini, anauona mlima wetu kwa macho yake, anakanyaga mafuta.

Nilikuwa namngoja. Kungoja kwenyewe hakuna maneno mengi. Jua likizama naswali, nawasha ile taa, nakaa barazani nachambua mchicha au napukuchua mahindi, na macho yako ng'ambo. Zikipita taa, naangalia. Zikipita tu bila kushuka, narudi kwenye mchicha.

Sasa kuna binti yangu, dada yake, anafanya kazi ofisini mjini. Mwaka huu amenunua gari, yale yanayotoka nje yamekwishatumika lakini yana mambo mengi. Alinipigia akasema, "Mama, Ijumaa jioni napanda kukuchukua, Jumamosi tukaangalie macho yako hospitali." Nikasema haya.

Ijumaa ile giza lilikuwa linaanza kushika, ukungu mwepesi bondeni. Nikaona taa zimetokeza kwenye jiwe jeupe, kubwa, nyeupe, zimenipiga usoni. Nikasema huyo binti yangu. Mara zikashuka.

Nikasimama.

Zikapanda. Kisha zikashuka tena, zikatulia chini, gari likaendelea kuzunguka bonde.

Mara mbili. Nikasema moyoni, huyu mtoto hajasahau ishara ya baba yake. Na kama ni mara mbili, ana mtu. Na mtu wa kuletwa kwangu kwa ishara ile ni nani, kama si mdogo wake? Mchicha niliuacha palepale. Nilibandika sufuria kubwa, ile ya wageni, ilikuwa imening'inia mpaka imejaa buibui. Nikaingia bandani na kumkamata jogoo. Jirani yangu, mwanamke tuliyekua pamoja na mwenye mdomo tangu utoto, akasikia kelele akaja na tochi.

"Shoga, jogoo wa watu kafanya kosa gani saa hizi?"

"Shika miguu, acha maswali."

"Jogoo huyu hukumchinjia hata diwani!"

"Diwani nimemzaa mimi? Mwanangu anakuja. Nenda kamwite mwanao wa kiume aje achinje, haraka."

Akaacha kucheka. Akanitazama, akaenda. Kuku alichinjwa, tukamnyonyoa wawili, mikono inakimbia. Firigisi niliitenga kwenye kisahani. Kwangu firigisi ilikuwa ya baba yao, na baba yao asipokuwepo ni ya kitindamimba.

Gari likaingia uani. Nikatoka nimejikaza, maana sipendi mtoto akute mama yake analia lia. Binti yangu akashuka. "Shikamoo mama." Nikaitika marahaba huku naangalia mlango wa pili. Haukufunguka. Nikaenda kuchungulia mwenyewe. Kwenye kiti kulikuwa na mfuko wa mkate na sukari.

"Mgeni wako yuko wapi?"

"Mgeni gani mama?"

"Umeshusha taa mara mbili pale kwenye jiwe."

Binti yangu akanigeukia. Alikuwa mtoto mdogo zamani zile, lakini nilimwona usoni ile ishara imemrudia. Akaangalia jikoni, akaona moto, akamwona jirani na manyoya mikononi.

"Mama," akasema polepole, "sijashusha mimi. Gari hili linashusha taa lenyewe."

"Lenyewe vipi? Lina akili?"

"Lina kama jicho hapa juu ya kioo, nyuma ya hiki kioo cha kujiangalia. Giza likiwa tupu linawasha taa kubwa. Likiona taa ya mwenzake mbele linashusha, lisimuumize macho."

"Ng'ambo kule mwenzake alikuwa nani? Hakukuwa na gari lingine. Mimi nilikuwa naangalia."

Akageuka, akatazama baraza. Akainua mkono akaonyesha ile taa ya jua.

"Limeona taa yako mama. Limeshusha. Halafu migomba imeikinga kidogo, likapandisha. Ilipotokeza tena, likashusha."

Jirani akasema, "Basi hata gari linakuamkia, shoga." Alitaka nicheke. Mtu mwema yule, lakini sikucheka. Nikasema kuku ataungua, tuingie ndani.

Tulikula watatu. Firigisi hakuna aliyeigusa. Asubuhi niliifunga kwenye jani la mgomba nikampa paka. Sikutaka kuiona.

Tulitoka mapema. Ukungu siku ile ulikuwa wa zamani, ule mzito, unaingia mpaka kwenye meno. Nikakaa mbele, nikafunga mkanda kama anavyotaka binti yangu, na hatujafika hata kwenye jiwe jeupe kioo kikaanza kutoka jasho. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilishika ncha ya kanga, nikajivuta mbele, nikafuta upande wake kwanza.

"Mama acha, kuna kitufe."

Akabonyeza. Kina picha ya kioo na vimistari vinavyopanda kama moshi wa jikoni. Upepo ukatoka chini ya kioo, mkavu, wa vuguvugu, na ule ukungu ukaanza kurudi nyuma kutoka chini kwenda juu, kama mtu anakunja shuka. Mpaka kioo cha nyuma, kina nyaya nyembamba kama uzi, kikajikausha. Barabara yote ikaonekana, na kila mgomba.

Ni kitu kizuri, siwezi kusema si kizuri. Ningekuwa nacho zamani, mume wangu asingeinama vile kila siku mpaka mgongo ukapinda. Lakini nilibaki na ncha ya kanga mkononi, sijui niiweke wapi. Nikangoja kiwiko. Najua aliyekufa hagusi mtu, ila ubavu wangu wa kulia uliungoja mpaka tulipomaliza kona zote.

Tulipofika chini kwenye lami simu ya binti yangu ikaita ndani ya gari, sauti inatokea milangoni. Alikuwa kitindamimba. Yuko Gairo, anangoja kupakia mahindi.

"Dada, mko wapi?"

"Tunashuka na mama. Anakusikia, chunga maneno."

"Shikamoo mama! Ukungu upo?"

"Marahaba. Upo."

"Nani anafuta kioo?"

"Kinajifuta."

Akacheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu baba yake yuko hai. "Basi wamekufukuza kazi, mama!"

"Wamenifukuza. Na jana nimechinja jogoo wako."

"Kwa nini jogoo wangu?"

"Taa zilishuka mara mbili kwenye jiwe."

Nilisikia watu wa Gairo nyuma yake wanapigiana kelele za magunia. Binti yangu alikuwa anaangalia barabara.

"Mama," kitindamimba akasema, na sasa hakuwa anacheka, "mimi sina hata gari la kushushia taa."

"Panda bodaboda. Ina taa."

"Bodaboda inashusha?"

"Inategemea dereva. Mwambie asimame, umwonyeshe."

Akavuta pumzi. Alisema, "Nimekusikia, mama." Hakusema lori kubwa, hakusema tajiri. Wakamwita kwenye magunia, akakata.

Macho yangu wameyaangalia, wamenipa dawa ya matone. Jioni binti yangu alinirudisha. Tulipokaribia jiwe jeupe akaniuliza kama ninataka ashushe taa kwa mkono, kuna namna ya kuizima ile akili ya gari. Nikamwambia ashushe taa kwa nani, na mwenye nyumba amekaa hapa? Ng'ambo nyumba yangu ilikuwa nyeusi, hakuna mtu jikoni.

Yeye amekwisharudi mjini. Nami siku hizi nafanya hivi. Jua likizama naswali, nabandika sufuria kubwa, nakaa barazani. Ile taa ya jua siiwashi. Jirani ananigombeza, binti yangu akipiga simu ananigombeza, "Mama utaanguka kwenye ngazi, mdogo wangu kakununulia ya nini?" Nawaambia ngazi zile nimezipanda na mimba na mizigo kichwani, zinanijua. Magari ya akili yameongezeka, yanapita kule kwenye jiwe na macho yao. Sitaki gari liione taa yangu likanishushia kwa adabu zake lenyewe, nikaua kuku mwingine. Nikikaa gizani hakuna cha kuyashusha. Hapo taa zikishuka, mara moja au mara mbili, nitajua ni mkono wa mtu.

Maji yapo motoni.